Je, Kuficha ni Kudanganya?

Katika ofisi nyingi za makanisa mna kompyuta, na ndani yake mna mambo ya watu: hesabu za sadaka, majina ya wanaosaidiwa, barua za mume na mke waliomwendea padre kuomba shauri. Wengi hudhani neno la siri liulizwalo mashine iwashwapo latosha. Halitoshi. Mwizi akiichomoa diski na kuitia katika mashine nyingine, asoma yote kama asomavyo gazeti.

Ziko programu zinazoifumba diski nzima, hata asiyejua neno lake aone herufi za ovyo tu. TrueCrypt ilitolewa bure mwaka 2004. BitLocker ilikuja pamoja na Windows Vista mwaka 2007. Twasema bila kusita: mwenye kutunza siri za wengine na atumie programu ya namna hii. Siri zile si mali yake, ni amana. (Wala neno lenyewe asilibandike kwa karatasi juu ya kioo, kama tulivyowahi kuona.)

Lakini TrueCrypt ilikuwa na jambo lililotusumbua. Iliruhusu diski moja kuwa na maneno mawili ya siri. La kwanza lafungua chumba cha mbele, chenye karatasi zisizo na uzito. La pili lafungua chumba cha nyuma, ambacho mtu hawezi kuthibitisha kuwa kipo, maana hata nafasi tupu imejazwa herufi za ovyo. Ukilazimishwa, watoa neno la kwanza na kusema, “Ni hayo tu.”

Je, huo si uongo? Kufunga mlango ni jambo moja. Kumwambia abishaye kwamba nyumba haina chumba kingine ni jambo lingine. Akataaye kufungua asema kweli, naye aweza kuilipia: huko Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2000, akaidiye amri ya kutoa ufunguo aweza kufungwa hata miaka miwili, na zaidi katika mambo ya usalama wa taifa.

Hata hivyo mmoja wetu aliuliza: na kama wabishao wana bunduki, na orodha ile ni ya wakimbizi waliofichwa? Hapo hatukuweza kumlaumu atoaye neno la kwanza. Ila mwizi wa fedha za kanisa naye aweza kuficha hesabu zake katika chumba hicho hicho, na programu haiwatofautishi watu hao wawili.

Mei 2014 watengenezaji wa TrueCrypt, ambao hawakujitaja majina, waliiacha ghafla wakionya kwamba si salama. Wakaguzi waliomaliza kazi mwaka 2015 hawakukuta mlango wa siri uliowekwa kusudi. VeraCrypt, iliyotokana nayo, ingali yaendelea, na chumba cha nyuma kimo.

Ofisini kwetu tumeifumba diski kwa VeraCrypt, kwa neno moja. Neno hilo limo katika bahasha iliyotiwa lakiri, mikononi mwa mzee wa kanisa, maana likipotea hakuna fundi wa kuyarudisha yaliyomo. Chumba cha nyuma hatukukitengeneza.