Mkono Ulioshika Mshipi

Watu wa pwani hufunzwa tangu utotoni kwamba subira huvuta heri, na pengine hakuna kazi inayotolewa kuwa mfano wa methali hiyo kuliko ya mvuvi wa mshipi. Hukaa ndani ya ngalawa yake nje ya Tongoni au Kigombe, chubwi imekwisha gusa chini, kidole cha shahada ki juu ya uzi, naye haoni lolote ila uso wa maji. Yaliyoko chini huyajua kwa kidole. Kwa ajili hiyo wengi husema kwamba uvuvi wake ni uvuvi wa haki, na kwamba haki hiyo imo katika kule kungoja kwake. Kauli hii yastahili kuulizwa upya.

Katika nchi ya Finland, ambako maziwa huganda kwa miezi kadhaa ya mwaka, watu hutoboa barafu kwa kekee kubwa, wakaketi juu ya tundu lisilozidi upana wa sahani, wakateremsha uzi wenye ndoana ndogo kumngojea ahven, samaki mwenye mistari ya giza ubavuni na mapezi mekundu. (Jina la Kiingereza la sangara wa Ziwa Victoria liliazimwa kwa jamaa za samaki huyu, ijapokuwa koo zao si moja.) Atakayemtazama mtu huyo, amejikunyata katika baridi, hatakosa kumtambua kuwa ni ndugu wa mvuvi wa Kigombe. La kuzingatia zaidi ni sheria ya huko. Kuvua kwa uzi mmoja juu ya barafu ni ruhusa kwa kila mtu, bila ya ada, hata ziwa likiwa na wenyewe, isipokuwa pale palipokatazwa mahususi. Lakini atakaye kutega wavu hana budi aombe idhini. Sheria hiyo haikupima subira. Imepima jambo jingine.

Maana wavu nao husubiri. Tena husubiri kuliko mtu yeyote: haulali, hausikii baridi, haukumbuki nyumbani. Mfano wake mkubwa katika pwani ya Tanga ni jarife, nyavu za macho mapana zinazotegwa usiku kwa ajili ya papa, na ambazo wengine huziteremsha katika kina cha mita 100 au zaidi, penye miteremko ya miamba isiyokuwa mbali na ufuko. Mwenye jarife hurejea nyumbani akalala. Subira ameikabidhi kwa nailoni.

Kuanzia mwaka 2004 jarife za Tanga zikaanza kutoa silikanti, samaki ambaye wataalamu walimdhani ametoweka pamoja na madinosaria, mpaka mmoja alipopatikana Afrika ya Kusini mwaka 1938. Miaka iliyofuata walipatikana makumi. Hakuna aliyekuwa akiwatafuta, kwani nyama yao ya mafuta haimfai mlaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliosoma alama za ukuaji katika magamba yao, ulionesha kwamba silikanti huweza kuishi karibu na karne nzima, kwamba huchukua miongo kadhaa kabla ya kupevuka, na kwamba mimba yake huenda ikadumu miaka 5. Jike mmoja akikutwa amekufa alfajiri ndani ya jarife, huenda aliyekufa ni mkubwa kwa umri kuliko babu ya yule aliyemtega.

Je, mvuvi huyo ana lawama? Jawabu la haraka ni kwamba matendo hupimwa kwa nia, naye hakunuia ila papa. Jawabu hili ni sahihi kwa usiku wa kwanza. Mtu hawezi kulaumiwa kwa asilolijua. Lakini akishamwona wa pili na wa tatu, kutojua kwake si tena kutojua. Kumekuwa ni kugeuza uso. Nia yake imebaki ileile, ila sasa ndani yake mna jambo analolijua na kulikubali.

Hapo ndipo baruti nayo huingia, balaa iliyoitesa pwani hii kwa miongo mingi mpaka milipuko ilipopungua mwishoni mwa miaka ya 2010. Husemwa kwamba kosa la mpiga baruti ni haraka. Sivyo. Yeye pia hungoja, akilivizia kundi la samaki kwa saa nzima. Kosa lake ni kwamba akisharusha hana alichokishika. Samaki wengine huzama asiwapate, matumbawe huwa kifusi, na hakuna uzi wa kumrudishia habari.

Basi fadhila ya mshipi haimo katika kungoja, bali katika kushika: kuwepo mtu upande wa pili wa jambo analolitenda, wakati bado laweza kubadilishwa. Kikapu kikijaa mkono huacha. Wavu haushibi. Hata hivyo pasiwe na kujidanganya. Chewa aliyepandishwa kutoka kina kirefu hufika juu tumbo limefura na macho yamemtoka, na kumrejesha majini si lazima kuwe ni kumwokoa. Ndoana yaweza kuumiza zaidi ya baruti inapoua kwa mara moja. Aliyeshika mshipi hatendi jambo safi, analitenda akilijua.

Lakini mkono wa nani? Papa mkavu hupendwa Tanga na Unguja pia, na mla papa yuko mbali na maji kuliko hata mwenye jarife. Kumsifu mvuvi wa mshipi huku sahani ikingoja papa ni sifa ya bei nafuu. Mwaka 2009 serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, ili kumwepusha samaki huyu, pamoja na mambo mengine, na jarife za kina kirefu. Lilikuwa jambo jema. Ila silikanti ana jina katika majumba ya makumbusho ya dunia nzima, na mtu aliyetakiwa aache jarife yake ameandikwa katika taarifa kuwa ni "mvuvi" tu. Kanuni iliyowekwa ofisini nayo ni wavu uliotegwa: huachwa majini usiku, mwenyewe akaenda kulala. Kama mwenye jarife ana wajibu wa kutazama alfajiri ni nini kilichonasa, basi waliotunga kanuni nao wana wajibu wa kufika Kigombe asubuhi, mashua zikiwa zimepandishwa mchangani, wakatazama ni nyumba zipi ambazo siku hiyo hazikuinjika chungu.