Kompyuta ni ya Mzee, si Yetu

Zamani aliyetaka kumpendeza mzee wake alimnunulia blanketi au redio, na kazi yake ikaishia hapo. Siku hizi zawadi nyingine imeingia majumbani, nayo ni kompyuta. Lakini kompyuta haiendi bila mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoamsha mashine na kuziongoza programu nyingine zote. Mifumo hiyo ni mingi, na mzee asiyepata kuigusa kompyuta hawezi kuipambanua. Basi mwana au mjukuu humchagulia. Nasi twauliza: anamchagulia kwa haki gani, na haki hiyo ina mipaka gani?

Mtu atasema kwamba hilo ni swali la mafundi tu. Sivyo. Kumchagulia asiyejua ni kushika madaraka juu yake. Ndani ya mashine ile mzee ataweka barua zake, picha za wajukuu, hesabu za chama cha akiba, pengine na namba za siri za benki. Akichaguliwa vibaya, hasara itakuwa yake, wala si ya aliyemchagulia.

Hatari ya kwanza ni majivuno. Wako vijana wanaosifu Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Wako wasiotaka kusikia ila Windows ya Microsoft. Wengine hawaoni kitu ila macOS, ambayo Apple huitengenezea kompyuta zake yenyewe, nazo bei yake si ya kila nyumba. Kila mmoja humletea mzee kile akipendacho mwenyewe, kama mtu anunuaye viatu vya baba yake kwa kupima mguu wake mwenyewe.

Hatari ya pili ni njia ya mkato. Kwa fedha kidogo hupatikana mtu wa kutia Windows isiyolipiwa, iliyovunjwa kufuli. Huko ni kuchukua mali ya mwingine. Tena hakuna ajuaye mvunja kufuli ameficha nini ndani. Mzee anashirikishwa katika jambo ambalo, kama angeelezwa, pengine angelikataa.

Hatari ya tatu hujivika vazi la wema. Kijana hutia Linux, akaipamba ifanane na Windows, kisha akasema, “Mama, ni ileile.” Siku mama huyo atakapotaka msaada kwa jirani, ataambiwa kuwa hajui hata kilichomo katika mashine yake. Wapo wanaojitetea kwa methali kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Sisi twasema kwamba asiyejua ndiye hasa wa kuambiwa. Kutojua kompyuta si kukosa akili.

Basi achaguliweje? Kwanza aulizwe kazi anayoitaka. Wa kuandika barua na kusoma habari aweza kutumia karibu mfumo wowote; lakini mwenye programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows peke yake, kumpa Linux ni kumtwika mzigo. Pili, itazamwe nani aliye karibu naye. Mfumo ambao jirani anaufahamu waweza kumfaa kuliko ule ulio bora zaidi, lakini mjuzi wake yuko mbali. Na penye intaneti ya kukatikakatika, tusikimbilie ChromeOS, ambayo kazi zake nyingi huitegemea intaneti hiyo.

Tatu, ipimwe mashine yenyewe. Masahihisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, yaliyotolewa bure, yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti yake. Kumpa mzee mashine ya namna hiyo bila kumweleza ni kumpa nyumba yenye mlango mbovu. Hapo Ubuntu, iliyoanza kutolewa mwaka 2004, au Linux Mint, yaweza kuwa msaada wa kweli: hailipiwi, kuinakili ni halali, na masahihisho yake yaendelea kutolewa.

Na mzee akikataa shauri letu? Tumweleze ukweli kwa maneno mepesi, faida na hatari pia, kisha tuheshimu neno lake, maadamu hadai lililo haramu. Akisema, “Mwanangu, chagua wewe,” hapo amekabidhi amana. Mwenye amana hutenda kwa faida ya aliyemwamini, naye yu tayari kuulizwa.

Lakini yafaa tukumbuke kwamba anayechagua amejifunga pia kusaidia. Haifai kuwasha mashine, kuonyesha mambo kumi kwa dakika tano, kisha kupanda basi kurudi mjini. Tumwandikie hatua chache kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa; tumwache ashike kipanya yeye mwenyewe, hata akichelewa; tumjibu mara ya saba kama tulivyomjibu mara ya kwanza. Yeye alitufundisha kutembea, wala hakuhesabu tulivyoanguka.