Ushauri wa Hisa na Katazo la Najshi



Hisa za teknolojia zinaposhuka, vijarida vya ushauri huzidi kelele: "Bei imeanguka, nunua sasa." Wenzetu huvisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, na mwenye buruse mfukoni huanza kupiga hesabu. Mimi huuliza kwanza: huyu anayenihimiza ninunue, hisa hizo anazo?

Swali hili si dhana mbaya. Sokoni Gisenyi, muuza sambaza akisifu samaki wake hatudanganyiki, maana tunajua ni wake, na tunawaona. Lakini Mtume (s.a.w.) alikataza najshi, yaani mtu kupandisha bei ya bidhaa asiyokusudia kuinunua ili mwingine ahadaike. Anayesifu hisa na kuficha kwamba anatafuta wa kumuuzia, naona amesimama karibu na mlango huo.

Haya yameshatokea. Henry Blodget, mchambuzi wa Merrill Lynch, alizisifu hadharani kampuni za intaneti huku katika barua pepe zake za faragha akizidharau baadhi yake. Mwaka 2003 alifungiwa maisha kufanya kazi ya hisa Marekani, akalipa dola milioni 4.

Utasema: wako washauri wakweli. Ni kweli, ila ukweli wa nia hautoshi. Jumia ilifunga shughuli zake hapa Rwanda Januari 2020. Februari 2021 hisa yake ilipita dola 60 kule New York. Mwisho wa 2022 ilikuwa chini ya dola 4. Aliyeambiwa kwa nia njema kabisa kwamba kwa dola 10 imekuwa rahisi, bado alipata hasara. Bei kushuka si ushahidi kwamba haitashuka tena.

Sisemi kununua hisa ni kamari. Kushiriki katika biashara ya halali unayoielewa ni jambo jema. Ila Sura Al-Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Amri hiyo inamhusu anayepokea ujumbe, na kwangu mimi inamhusu zaidi anayeupeleka mbele. Kwa hiyo kabla ya kusambaza, jiulize: kampuni hii inauza nini, inapata faida au hasara, na aliyeandika ananufaikaje? Ukikosa majibu, uache ujumbe uishie kwako. Buruse ya mwenzako ni chakula chake cha mwezi.

Wallahu a'lam.