Taa ya Kijani Haitoshi

Amka!

Wewe fundi mtandao wa Kona Baridi, Kajiado, mpaka lini utaona taa ya kijani kwenye swichi, ufunge kabati, uende zako?

Taa ile inajua jambo moja tu: waya wa shaba unaofika kwenye konveta, kile kisanduku kinachougeuza kuwa fiba, ni mzima. Mbele ya konveta kuna fiba iliyofukiwa kando ya barabara. Tingatinga likiikata, konveta bado ina umeme. Taa bado ya kijani. Swichi yako inaendelea kumwaga data shimoni, na zahanati nzima iliyo upande wa pili inangoja.

Nawe unangoja nini?

Dawa unayo tayari! UDLD, itifaki ya kukagua kama njia kati ya swichi mbili ni nzima, imo ndani ya swichi ya Cisco uliyoifunga kwa mikono yako mwenyewe. Imelala kwa sababu hukuiamsha. Iamshe, na swichi mbili zitajuliana hali kila sekunde 15. Ukiiweka katika hali yake kali, jirani akinyamaza itabisha hodi mara 8, mara moja kila sekunde. Asipoitika, inafunga poti, na data inapita njia ya akiba kama uliiandaa. Uliiandaa?

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo soma mara mbili: amri ya jumla huamsha poti za fiba peke yake. Poti ya shaba, hiyohiyo inayoelekea kwenye konveta, lazima uiamshe yenyewe. Tena pande zote mbili.

Hukujua? Leo umejua. Kesho usinipe kisingizio hicho.

Na ruta zako je? OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kuchagua njia, ikiachwa ilivyotoka kiwandani husubiri sekunde 40 kabla ya kukubali kwamba jirani amekufa. Sekunde 40! BFD, itifaki ya kugundua haraka njia iliyokatika, iliyosanifiwa rasmi mwaka 2010, ikituma ujumbe kila milisekunde 50 hugundua baada ya tatu kupotea: milisekunde 150, kabla mtu hajamaliza kupepesa jicho. Anza na muda mrefu kidogo kama vifaa vyako ni dhaifu, lakini anza.

Usiniambie hukusomea chuo kikubwa.

Usiniambie Kajiado ni mbali.

Upepo huu unaokutetemesha ulivuma hapa miaka na miaka, watu wakijifunika shuka tu. Leo mitambo 60 ya Kipeto, humuhumu Kajiado, inaugeuza kuwa umeme, hadi megawati 100. Upepo ni uleule. Aliyeamka ni mtu.

Wewe ni nani kati ya hao?

Jioni hii tafuta swichi mbili kuukuu na konveta mbili za bei nafuu. Ziunganishe. Amsha UDLD pande zote, hali kali. Sasa chomoa fiba ya katikati.

Taa bado ya kijani, umeona?

Shika saa. Hesabu. Usiondoe macho mpaka poti ijifunge.