Mwalimu, Watoe Watoto Nje

Mwalimu wa shule ya Jumapili, fungua mlango! Jumapili hii watoto wasikae kwenye mabenchi wakiimba habari za Mungu aliyeumba vyote, ilhali hivyo vyote viko hapo uani na hakuna anayewaruhusu kwenda kuvitazama. Yesu alipotaka kuwaondolea watu hofu ya chakula na mavazi, aliwaelekeza kwa ndege wa angani na maua ya kondeni. Alifundishia mlimani, na mfano wake kila mtu aliuona kwa macho yake.

Anza na sisimizi. Mithali sura ya 6 inamwagiza mvivu amwendee. Basi nendeni! Weka makombo ya mkate karibu na njia yao, kisha waambie watoto wachuchumae, wanyamaze. Atafika mmoja. Atalizunguka kombo, atalipapasa, halafu atarudi shimoni akiacha harufu ardhini, na baada ya muda wenzake watatokea wakiifuata harufu hiyohiyo. Kombo likiwa kubwa watalikokota kwa pamoja, huyu akivuta, yule akisukuma. Wewe usiseme kitu. Waache watoto waseme.

Hapo atatokea mmoja akuulize: mbona Biblia inasema sisimizi hana mkuu, na shuleni tumefundishwa kwamba wana malkia? Usimkemee, wala usimkwepe, maana huyo ndiye anayesikiliza kuliko wote. Mjibu kwamba malkia yupo, ila kazi yake ni kutaga mayai. Hatoi amri, hapangi zamu, hamfokei mzembe. Kila sisimizi anafanya kazi yake bila kusimamiwa na mtu. Kisha mgeuzie swali: mama akienda sokoni, wewe uwanja unaufagia, au unangoja arudi apige kelele? Mtoto aliyemwona sisimizi kwa macho yake hatalisahau swali hilo njia nzima ya kwenda nyumbani.

Lakini tusimsingizie mdudu. Wengi wetu tumezoea kufundisha ufufuo kwa kutumia kipepeo: kiwavi amekufa, amezikwa, amefufuka. Kiwavi aliye ndani ya ganda hajafa. Yu hai, mwili wake unaumbwa upya. Bwana wetu alikufa kweli, na mtoto akija kuujua ukweli wa kiwavi, atautilia shaka na ule wa kaburi tupu. Kipepeo mtumie kwa jambo linalomfaa, yaani maisha yaliyogeuzwa ndani ya Kristo. Kwa ufufuo tumia mbegu, kama Paulo alivyowaandikia Wakorintho. Panda maharage kwenye kopo, kila mtoto na lake, wamwagilie wenyewe.

Na kipepeo ana somo jingine, ambalo watoto wa Gede, Kilifi, wanaweza kuwafundisha wenzao. Tangu mwaka 1993, kupitia mradi uitwao Kipepeo, wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi hadi wajifunge kwenye maganda, na maganda hayo huuzwa nje ya nchi kwa ajili ya maonyesho ya vipepeo hai. Msitu ukifyekwa, vipepeo hawapo, na pesa hazipo. Mungu alimweka Adamu bustanini ailime na aitunze. Kijana aliyekua akimwona mzazi wake akitafuta majani ya kulisha viwavi hahitaji hotuba ndefu kuhusu aya hiyo.

Usiseme huna vifaa. Kanisa lako halina projekta? Lina mchwa kwenye nguzo, buibui darini, na mvua za kwanza zikinyesha lina kumbikumbi uwanja mzima. Siafu na nyuki watazameni kwa mbali, na asiruhusiwe mtoto kumkanyaga mdudu kwa mchezo, kwa kuwa huruma nayo inafundishwa hapohapo.

Kwa hiyo wiki hii wape kazi ya nyumbani. Kila mtoto achague kiumbe kimoja kidogo, akitazame kwa utulivu, na Jumapili aje aeleze alichokiona, hata kama ni mende wa jikoni. Kikao hicho waanze wao. Na wewe, mwalimu, usije mikono mitupu: njoo na chako ulichokitazama, ukisimulie zamu yako ikifika.