Maji Sharti Yasomeke Sifuri

Saa moja na nusu asubuhi benchi lilikuwa limeshajaa, na mlango wa chumba cha CT scan ulikuwa bado umefungwa. Nilikuwa nimemsindikiza mama mmoja wa usharika wetu, aliyekuwa apigwe picha ya kupangia matibabu yake ya mionzi. Alitoka kwake saa kumi alfajiri. "Mashine imekufa tena," akasema mzee mmoja, akakunja faili lake kama mtu anayejiandaa kurudi nyumbani. Nakiri, wapendwa, hata mimi nilinung'unika moyoni.

Mashine ilikuwa nzima. Nilipogonga kuuliza, kijana mwanafizikia wa hospitali alinifungulia, akaniruhusu kuchungulia kupitia kioo. Kitandani, mahali pa mgonjwa, palikuwa na chombo cha plastiki cha mviringo, kipana kama sufuria ya wali, kimejaa maji, na mistari myekundu ya leza ikikatana juu yake.

"Huyu ndiye mgonjwa wetu wa kwanza kila siku, Baba Mchungaji," akaniambia.

Alikuwa anaiuliza mashine swali moja: maji ni nini? CT scan hukipa kila kipande cha mwili namba, kulingana na kinavyozuia mionzi. Maji ni 0, hewa ni -1000, mfupa mgumu hupanda mamia hadi kupita 1000. Kwa namba hizo kompyuta hukokotoa ni mionzi kiasi gani itafika kwenye uvimbe na kiasi gani kitaishia njiani. Maji yakisomeka vingine, hesabu ya mwili wa mama yule imeshapinda kabla hajalala. Asubuhi ile yalisomeka 8. Mwongozo wao unaruhusu 5, juu au chini. Kijana hakujadiliana na ile namba. Aliiacha mashine ipate moto sawasawa, akairekebisha kwa hewa tupu, akaanza upya. Yakasomeka 1.

Kisha akageukia leza. Pale mistari inapokatana ndipo ngozi ya mgonjwa hutiwa alama ndogo za wino, na kwa alama hizo atalazwa kila siku kwenye mashine ya matibabu. Leza ikihama, alama nazo zimehama. Wanaruhusiwa milimita 2, karibu punje ya ulezi. Akanionyesha pia ubao bapa uliolazwa juu ya kitanda. Kitanda cha kawaida cha CT scan kimebonyea katikati kama mtumbwi, ilhali kile cha matibabu ni bapa. Mwili ukilala kwa namna mbili, hata kilichomo ndani hakikai palepale.

Hapo nikaelewa kwa nini mlango ulifungwa. Picha hii mara nyingi hupigwa mara moja tu, na matibabu yanayoitegemea yaweza kuwa siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 5. Mkono wa mhudumu ukiteleza leo, kesho waweza kukaa sawa. Kosa lililoingia kwenye picha ya kupangia humfuata mgonjwa siku zote 25, na kuligundua ni vigumu, kwa sababu kila kitu kingine kimepangwa kulingana nalo.

Mwaka 1956, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, alisumbuliwa na jambo la namna hii. Hesabu za tiba ya mionzi zilipigwa kana kwamba mwili wote ni kitu kimoja, pafu na mfupa sawasawa. Njia aliyoitafuta ya kuliondoa kosa hilo ikawa sehemu ya msingi wa CT scan, na mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Godfrey Hounsfield wa Uingereza, ambaye namba zile huitwa kwa jina lake. Nafurahi kwamba chanzo kimoja cha mashine hii ni mtu wa Afrika aliyekataa kukadiria mwili wa mgonjwa.

Nabii Amosi alionyeshwa timazi kando ya ukuta. Mafundi wa usharika wetu wanaijua kazi ile. Fundi mwaminifu huweka pimamaji kila kozi ya matofali, hata kama ukuta wa jana ulinyooka, maana jicho huzoea upindo. Tunawaombea wagonjwa na madaktari wao kila Jumapili. Huyu anayepima maji asubuhi sikumbuki kama nimewahi kumtaja madhabahuni.

Na katika michango yetu tumemsahau. Hospitali ikihitaji mashine, tunachanga kwa moyo, na siku ya kukabidhi tunapiga picha. Sijasikia kamati ikiuliza matengenezo ya mwaka wa tatu yatalipwa na nani, au kama kipo hicho chombo cha maji na mtu aliyesomea kukitumia. Nimekaa kwenye kamati hizo mwenyewe, na sikuuliza. Mwezi ujao kamati yetu ikikutana, nitauliza.

Kijana aliandika namba zake kwenye daftari, akaandika saa, akatia sahihi. Akakitoa chombo kitandani kwa mikono miwili, akapangusa ubao, akatandika shuka safi. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Akafungua mlango.

"Mama, karibu. Samahani kwa kukuweka."

"Usijali, mwanangu," akasema, akanikabidhi kitenge chake, akaingia.