Kilichowekwa Karibu

Juma lililopita mvua ilitunyeshea hapa Runyenjes tangu alfajiri, na mtandao katika ofisi yetu ndogo ya kanisa ukawa mzito kama lori la majani mabichi ya chai linalopanda mlima. Nilikuwa na barua pepe moja tu ya kusoma, ya mama anayeuguza mtoto hospitalini Chogoria. Nikabofya. Kiduara kikazunguka. Nikachemsha chai, nikainywa, nikarudi: bado kinazunguka.

Kijana anayetusaidia na kompyuta akaniuliza kwa upole, "Mchungaji, kwa nini barua yako unaifuata ng'ambo kila siku?"

Sikumwelewa. Akavuta kiti. Akanieleza kwamba programu ninayotumia, Thunderbird, ilikuwa ikiniletea vichwa vya barua tu. Maneno yenyewe yalibaki kwenye seva huko mbali, na kila nilipobofya safari ilianza upya: kutoka Runyenjes hadi Mombasa, zilikofika nyaya za chini ya bahari mwaka 2009, kisha kuvuka maji na kurudi. Akafungua mipangilio ya akaunti, akaweka alama mahali pa kuhifadhi barua ndani ya kompyuta yenyewe, akachagua za siku 90 za karibuni ili diski isijae. "Sasa iache usiku kucha," akasema, "ivute nakala zake polepole."

Asubuhi, barua ya yule mama ilifunguka mara moja. Mtoto ameanza kunywa uji, aliandika. Nikaisoma mara tatu, na mara zote tatu haikuniomba mtandao.

Nikakumbuka ghala la bibi yangu. Halikujengwa sokoni. Lilikuwa uani, hatua chache kutoka jikoni, limeinuliwa juu ya nguzo ili panya na unyevu visilifikie. Mvua ilipochelewa, bibi hakuanza kuulizia njia ya sokoni. Alinyoosha mkono tu. Je, mpendwa, neno lililokugusa Jumapili umelipeleka nyumbani, au umeliacha kanisani ulifuate tena juma lijalo? Na wema wa jirani aliyekukopesha karo ya mtoto, uko wapi sasa? Maana njia ya mbali huweza kukatika. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Mtunzini huko Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikabaki na mtandao wa kusuasua. Aliyekuwa na nakala zake aliendelea kusoma. Siku kama hizo huja katika maombi pia: unaita, na jibu halifiki upesi. Si dhambi yako. Ni siku ya kula kilicho ghalani.

Lakini kijana yule aliniambia jambo jingine, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Barua unayoifuta, alisema, haitoki papo hapo. Programu huiwekea alama tu na kuificha. Maneno yake hukaa ndani ya faili, yakijaza nafasi, mpaka folda ibanwe, yaani yaliyofutwa yaondolewe kabisa.

Nikanyamaza. Miaka miwili iliyopita, ndugu yangu katika utumishi, aliye Meru, aliniandikia maneno yaliyonichoma. Niliifuta barua ile jioni ileile, nikamwambia mke wangu kwamba nimesamehe. Nilisema kweli kadiri nilivyojua. Ila ningeweza kukusomea mistari yake kwa moyo, hata gizani. Na usiku aliotoka Meru kwenye mvua, akazipita kona za barabara huko Nithi kwa gari bovu, aje kukaa nami matangani kwa mama yangu? Huo nilikuwa nimeuacha mbali sana. Ilinibidi kuutafuta.

Mpendwa, ukikaa kimya jioni hii, ni lipi linalofunguka upesi zaidi moyoni mwako? Usiogope kulitazama. Bwana wetu hakimbilii kukulaumu, na mimi sina haraka nawe. Kubana folda huchukua muda, hasa ikiwa imejaa kwa miaka. Kwangu kazi imekuwa kulitaja jina la ndugu yule kila asubuhi kabla ya kuombea jambo langu lolote, na kuukumbuka ule usiku wa mvua mpaka uzoee kuwa karibu. Siku nyingine nafaulu. Siku nyingine yale maneno makali hutangulia, nami naanza tena.

Jumanne nilimwandikia mistari minne. Nilimuuliza magoti yake yanaendeleaje, nikamshukuru kwa usiku ule, nikamwomba radhi kwa kunyamaza kwangu, nikamwambia kwamba Alhamisi napanda Meru na ningependa tunywe chai. Mtandao ulikuwa umekatika, na barua ikabaki kwenye kisanduku cha zinazosubiri kutumwa. Nikaenda kumtembelea mgonjwa. Niliporudi saa kumi na moja jioni, mvua ilikuwa imeanuka na kisanduku kilikuwa kitupu.